Mchungaji Amesema Tujitahidi

Hotuba kwa wachungaji, wainjilisti na wazee wa kanisa wenye zamu za kuhubiri, katika semina ya jimbo, siku ya pili

Mheshimiwa Mkuu wa Jimbo, wachungaji wenzangu, wainjilisti, wazee wa kanisa, na ninyi wanafunzi wa theolojia mlio kwenye mazoezi ya vitendo: Bwana Yesu asifiwe!

Mmeitikia vizuri. Tutaona baada ya nusu saa mtaitikiaje.

Huu ni mwaka wangu wa tatu tangu nistaafu. Jumapili naketi benchi la nne, upande wa dirishani, pamoja na mama mchungaji, mke wangu. Nimehubiri miaka thelathini na minne bila kujua kwamba benchi lile lina msumari. Yapo na mengine ambayo ukiwa mimbarini huyaoni, nami nimeitwa niyaseme. Lakini kubwa kuliko yote nililipata kabla sijastaafu, na aliyenipa ni mtoto.

Utaratibu wetu mnaujua. Mwanafunzi wa kipaimara, yule anayefundishwa imani kabla ya kushiriki meza ya Bwana, ana daftari la ibada. Kila Jumapili anaandika tarehe, jina la mhubiri, somo, na alichojifunza, kisha analileta litiwe sahihi. Tunatia sahihi tumesimama mlangoni, mkono mmoja unasalimiana na washarika, mwingine unachorachora. Hatusomi. Mimi sikusoma kwa miaka mingi. Siku moja mvua ikatukamata barazani baada ya ibada, watu wamebanana, hakuna wa kutoka, na mkononi nina daftari la binti mmoja wa mwaka wa kwanza, jalada limefunikwa kwa gazeti. Nikasoma. Chini ya tarehe ya siku ile, kwa kalamu ya bluu, mwandiko wa kulala kidogo: “Mchungaji amesema tujitahidi tusipotee.” Nukta. Basi.

Somo langu siku ile lilikuwa Luka 15, kondoo aliyepotea. Nilihubiri dakika thelathini na tano. Nilieleza tabia za kondoo na za mbuzi, nikaeleza malisho ya Palestina, nikashuka kwa vijana wanaopotelea vilabuni, nikapitia kwenye ndoa, nikamalizia na simu. Wazee walitikisa vichwa. Mama mmoja alifuta machozi. Na huyu mtoto akaja na sentensi moja, ambayo nilitaka kumkasirikia, mpaka nilipokumbuka nilichosema. Hakukosea. Ndicho nilichohubiri.

Sasa chukueni Biblia zenu, Luka 15, mstari wa tano: “Naye akiisha kumwona, humweka mabegani pake akifurahi.” Nawauliza wachungaji wenzangu: kondoo yule anajitahidi nini? Yuko mabegani! Miguu haigusi hata ardhi. Hesabuni vitendo mle ndani: kuacha wale tisini na tisa, kwenda, kutafuta, kuona, kubeba, kufurahi, kuwaita rafiki na majirani. Vyote ni vya mwenye kondoo. Kondoo ana kitendo kimoja tu, kupotea, na hata hicho Biblia yetu ya Kiswahili inakigeuza kwa namna ya ajabu. Mstari wa nne haukusema kondoo mmoja “akipotea”. Umesema mwenye kondoo “akipotewa na mmojawapo”. Akipotewa! Hasara ni yake. Aliyeumia ni yeye. Nilisoma mstari ule tangu nikiwa Sunday school, nikauhubiri mara nne au tano, na neno hilo sikuliona.

Nikafungua kurasa za nyuma za lile daftari, maana mvua ilikuwa bado. Jumapili tisa, wahubiri sita. Tuombe bila kukoma. Tutoe kwa moyo. Tusamehe. Tuache ulevi. Tuwaheshimu wazazi. Tujitahidi. Sikuona Jumapili hata moja ambayo mtoto ameandika kwamba Mungu amefanya kitu.

Nikiwa na hasira na mimi mwenyewe, nilimwomba mpwa wangu anirekodi kwa simu Jumapili iliyofuata, nikasikiliza jioni. Neno “tunapaswa” nililitamka mara thelathini na moja. Mtu akishika jembe mara thelathini na moja anapata malengelenge. Mimi nilikuwa nimewapa washarika malengelenge ya masikio.

Sisi ni Walutheri, na jambo hili si la mtindo wa kusema tu. Ungamo la Augsburg la mwaka 1530, tamko la imani yetu, kifungu cha tano, linasema Mungu aliweka huduma ya kuhubiri Injili na kugawa sakramenti ili tuipate imani. Kifungu cha saba kinalitambua Kanisa mahali ambapo Injili inahubiriwa kwa usafi na sakramenti zinatolewa ipasavyo. Wazee wetu wale wangeweza kuandika jengo, au askofu, au mwenendo mwema wa waumini. Waliandika Injili inayohubiriwa. Maana yake, Jumapili ile mimi nilipohubiri kondoo anayejitahidi, kengele ililia, kwaya iliimba, sadaka ilihesabiwa, na kile kinacholifanya Kanisa kuwa Kanisa hakikutoka mdomoni mwangu.

Chuoni tulifundishwa kutenganisha sheria na Injili, tukafaulu mtihani. Nami naona Kiswahili kimetupa kipimo rahisi kuliko kile cha chuoni. Sikiliza vitenzi vyako. Sheria hupenda kukaa kwenye ile “e” ya mwisho: tupende, tutoe, tuombe, tusipotee. Injili inakaa kwenye “li” na “me”: alikuja, alibeba, amesamehe, ameiondoa. Kitenzi cha kwanza kinangoja mtu afanye. Cha pili kinamwambia kimekwisha kufanyika. Ukimaliza kuandika hubiri lako, lipitie na kalamu nyekundu utie mstari chini ya kila kitenzi ambacho mtendaji wake ni Mungu. Kalamu ikibaki imejaa wino, hujapata hubiri. Umepata tangazo la mwenyekiti wa kijiji.

Na kuna “i” moja ninayoipenda. Alikufa; alikufia. Kwamba Yesu alikufa, hata Pilato alijua. Kwamba alikufia wewe, mama uliyeketi pale nyuma na mtoto mgongoni, hilo halijulikani mpaka mtu alitamke ukiwepo. Kwenye meza ya Bwana tunasema “kwa ajili yenu”, na Martin Luther, aliyeanzisha Matengenezo ya Kanisa, katika Katekisimo Ndogo, kitabu chake cha mafundisho ya imani, anakazia maneno hayo. Mimbari yetu nayo inatakiwa ifike hapo. Wengi wetu tunaishia kwa Pilato.

Msinielewe vibaya. Simaanishi tuache sheria tuwabembeleze watu. Tena nawaambia, sheria tunayohubiri wengi wetu ni hafifu mno. Tunakemea “maovu katika jamii”. Nani ameguswa? Tunakemea ulevi, huku mnunuzi mkubwa wa mnada wa mavuno ndiye mwenye kilabu, na tunamshukuru kwa jina kwenye matangazo. Shamba la mjane limemezwa na shemeji zake, shemeji hao wako kwenye kamati ya jengo, na mwaka mzima mimbari haina habari. Nabii Nathani hakusema “maovu katika jamii”. Alimwambia mfalme Daudi, “Wewe ndiwe mtu huyo.” Lakini endeleeni na sura ile ile, 2 Samweli 12. Daudi akasema nimefanya dhambi, na Nathani yule yule, bila kuvuta pumzi ndefu: “BWANA naye ameiondoa dhambi yako, hutakufa.” Ameiondoa. Ile “me” ndiyo hiyo. Nathani hakumwambia ajitahidi kwa miezi sita kisha aonekane na kamati.

Luther mwenyewe alikuwa mhubiri kuliko alivyokuwa kitu kingine chochote. Mahubiri yake yaliyohifadhiwa yanapita elfu mbili. Machi 1522 Wittenberg, mji wake kule Ujerumani, ilikuwa imechafuka. Watu wanavunja sanamu, ibada inabadilishwa kwa kulazimishana, naye alikuwa mafichoni katika ngome ya Wartburg. Akarudi, akapanda mimbarini Jumapili ya tarehe 9, akahubiri siku nane mfululizo, mahubiri manane, mji ukatulia. Mngetegemea aanze na sanamu, maana ndizo zilizokuwa zinavunjwa. Alianza na kifo: kwamba kifo kinatuita sote, na hakuna anayeweza kufa badala ya mwenzake, kila mmoja atasimama pale peke yake. Aliwachukua mahali ambapo kila aliyekuwa mle ndani angefika, mwenye nyundo na mwenye sanamu. Baadaye ndipo akayagusa waliyokuwa wanagombania, akiwaambia kwamba yeye alifundisha, alihubiri na aliandika Neno tu. Wakati yeye amelala, au anakunywa bia ya Wittenberg na rafiki zake, Neno lilifanya kazi yote.

Nanyi mnaokata tamaa, mjue kwamba huyo huyo Luther mwanzoni mwa mwaka 1530 aliwachoka Wittenberg akagoma kuwahubiria kwa majuma kadhaa, kwa sababu miaka yote ile hawakubadilika. Namwelewa kabisa. Ila Mkuu wa Jimbo yuko hapa, kwa hiyo sishauri.

Wanafunzi waliokuwa wanakula mezani kwake wameandika kwamba alisema anapohubiri hawaangalii madaktari na mahakimu, waliokuwa zaidi ya arobaini mle kanisani. Anawaangalia watumishi wa nyumbani na watoto. Na katika barua yake ya mwaka 1530 juu ya kutafsiri Biblia alisema ukitaka lugha nenda ukamuulize mama nyumbani, watoto njiani, na mtu wa kawaida sokoni, uwatazame midomo wanavyosema. Hapa kwetu mlimani Kilimanjaro alikuwepo Bruno Gutmann, mmisionari wa misheni ya Leipzig ya Ujerumani, aliyekaa miaka mingi Old Moshi mpaka 1938. Wapo wanaomlaumu kwamba aliupenda Uchagga wa kale kupita wenyewe, na nadhani wana hoja. Lakini alikijua Kichagga, na alijua kwamba ukimhubiria Mchagga bila ukoo wake, jirani zake na rika lake, umemhubiria mtu ambaye hayupo.

Sisi tuna lugha ya watu kinywani tangu kuzaliwa, na tukivaa joho tunaivua. Nimesikia kwa masikio haya, kwenye mtaa wenye wakulima wa kahawa na ndizi, mhubiri anasema: “Mwanadamu wa leo amejikuta katika hali ya utengano wa kiroho.” Nyumbani kwake huyo huyo angesema, “Watu hawasalimiani.” Mwingine akatupa ile hadithi ya baba mlinzi wa daraja la reli aliyemwacha mwanawe asagwe na mitambo ili treni ipite salama. Kimya kikatanda, akadhani amewagusa. Nje nikawasikia kina mama: “Sasa kile kitoto alikipeleka kazini kufanya nini?” Hadithi imetoka mbali, haina baba wa kwetu, na kibaya zaidi imemfanya Mungu kuwa mtu aliyepatwa na ajali. Hapo tena “mwambie jirani yako” mara kumi na tano. Jirani yangu pale benchi la nne ni mama wa miaka themanini, na mara ya tatu aliniambia, “Baba, hata usiponiambia, nimeshasikia.”

Waliofaulu kusema kama watu ni wale wa uamsho, waliotubu hadharani na kushuhudia wokovu. Uliingia Bukoba kutoka Rwanda mwishoni mwa miaka ya 1930, na humo alikulia Josiah Kibira, aliyekuja kuwa askofu na mwaka 1977 akachaguliwa kuwa rais wa Shirikisho la Kilutheri Duniani. Watu wa uamsho walikuwa na makosa yao. Walipenda kupekua dhambi za wenzao, na wachungaji wa zamani waliwaogopa. Lakini mwanamke asiyejua kusoma alisimama akaanza na “nilikuwa”, akamaliza na “ameniokoa”, na kijiji kikaelewa.

Niende kwenye ugumu, maana mnaweza kusema mzee huyu amestaafu, amesahau Jumamosi.

Sijasahau. Mwinjilisti mwenye mtaa mkubwa: Jumatano ibada ya nyumba kwa nyumba, Alhamisi kwaya wamegombana, Ijumaa mgonjwa, Jumamosi mazishi mawili, la pili likaisha saa kumi na mbili jioni kwa sababu kila shirika lilitaka kusoma salamu zake. Anafika nyumbani saa mbili usiku, joho limejaa vumbi, watoto wanamngoja, na kesho saa moja asubuhi ibada ya kwanza. Anafanyaje? Anafungua simu. Kwenye makundi yetu ya WhatsApp hubiri zima lipo, lina vichwa vitatu vinavyoanza na herufi moja. Ananakili. Asubuhi analisoma, na kati ya washarika, watatu au wanne wanalo tayari kwenye simu zao. Nimemwona kijana akifuatilia kwa kidole.

Huyo mimi simlaumu haraka. Luther akiwa Wartburg aliandika kitabu cha mahubiri kwa makusudi, ili wachungaji wasioweza kutunga wapate cha kuwasomea watu. Alijua hali yao. Afadhali hubiri la mwenzako lenye Injili kuliko la kwako lisilo nayo. Lakini miaka michache baadaye, kwenye dibaji ya Katekisimo Kubwa, aliwageukia wale waliofanya vitabu kuwa mto wa kulalia, akasema wangefaa zaidi kuchunga nguruwe na kutunza mbwa. Kisha akasema yeye mwenyewe, daktari wa theolojia na mhubiri, kila asubuhi anasoma Amri, Imani na Baba Yetu neno kwa neno kama mtoto.

Mimi dawa yangu ya Jumamosi ilikuwa Jumatatu. Jumatatu jioni nasoma somo la Injili mara tatu kwa sauti, bila kitabu kingine, naliacha. Jumanne linatembea na mimi shambani. Jumatano namsimulia mama Injili ile akiwa anachagua maharage, kwa lugha ya nyumbani, bila Biblia mkononi. Akiniuliza “halafu?” najua ninacho. Akiniuliza kama ng'ombe wamepewa maji, najua sina, narudi mezani. Alhamisi naandika sentensi moja tu: Mungu amefanya nini katika somo hili, kwa ajili ya nani. Hata yakija mazishi matatu Jumamosi, sentensi ile haipotei, na nikisimama nayo peke yake nina hubiri la dakika kumi. Hakuna msharika aliyewahi kunilalamikia dakika kumi.

Kuhusu urefu nisiseme mengi. Kule mjini ibada ya pili inasubiri mlangoni na magari yanapiga honi. Kijijini matangazo yanakula nusu saa, ahadi za jengo nusu saa nyingine, na kuku wa mnada anapiga kelele chini ya altare. Muda unaobaki ni wenu, tumieni vizuri. Luther alihubiri mara ya mwisho Eisleben, mji aliozaliwa, Februari 1546. Alifika mahali akawaambia kwamba yapo mengi zaidi ya kusema juu ya Injili ile, lakini yeye amechoka, basi yaishie hapo. Akashuka. Siku chache baadaye alifariki. Sisi wazima tunashindwa kushuka.

Liko moja linaloniuma zaidi ya urefu. Vijana wetu wanakwenda kwa wahubiri wa mafuta na maji ya upako, na sisi tunasema wamedanganywa na mafanikio. Ni kweli wengine wamedanganywa. Lakini nilimuuliza kijana mmoja fundi pikipiki, niliyembatiza mwenyewe, kwa nini alihama. Akanijibu, “Baba, kule wananiambia Mungu atanifanyia. Kwetu naambiwa nimfanyie.” Nilikaa na jibu lile usiku kucha. Kule anaahidiwa gari, na gari haliji. Lakini sarufi wanayo. Mungu ndiye mtendaji wa sentensi yao. Tumewaachia sarufi ya Injili watu wenye chupa za maji, sisi tuliotoka kwenye Matengenezo yaliyoanza kwa kukataa kununuliwa neema.

Namwona mpishi anachungulia mara ya pili, na chai ya hapa naijua, haipashwi moto. Kabla ya kutoka tuna zoezi. Kila mmoja atoe karatasi. Somo ni Zakayo, aliyepanda mkuyu ili amwone Yesu, Luka 19, mstari wa kwanza hadi wa kumi. Wote hapa tumelihubiri, na wote tumewaambia washarika wapande mkuyu. Mimi niliwapandisha kwa miaka thelathini. Leo mkuyu ni marufuku. Andikeni sentensi moja, mtendaji awe Yesu. Na mkifika mstari wa tano litafuteni neno letu, lile “tunapaswa”, kwa maana limo, kisha mtazame anayepaswa ni nani: “Zakayo, shuka upesi, kwa kuwa leo imenipasa kushinda nyumbani mwako.”

Dakika kumi. Mwenye kalamu mbili amwazime mwenzake, na iliyo nyekundu nileteeni mimi.